Fuata maji: kupiga picha za wanyamapori Tarangire na Ndutu, msimu kwa msimu

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni ninunue lenzi gani. Linalofuata ni niende mwezi gani. Mtu wa kuniuliza mwezi huo maji yatakuwa wapi sijampata bado, na mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili bila kulijua swali hilo.

Nililipata kwa dereva wangu, mzee wa Kiiraqw kutoka Karatu aliyeanza kuendesha watalii kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Safari yetu ya kwanza nilimwomba afungue redio tufuate taarifa: chui yuko kule, simba wameonekana huku. Tukazunguka tangu asubuhi hadi saa nane. Kila tulikofika, ama mnyama keshaondoka, ama magari kumi na tano yamemzingira. Mzee akaegesha chini ya mgunga, akamimina chai, akanitazama.

"Kijana, huyo chui ana redio?"

"Hana, mzee."

"Sasa yeye anajuaje pa kwenda?"

Akazima redio. Mengi ya hapa chini yalianzia kwenye kikombe kile cha chai.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupiga mahali pachache, tena na tena, mwaka mzima. Natumia sehemu mbili ninazozifahamu: Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kama kilomita 120 kutoka Arusha kwa barabara ya Dodoma, na Ndutu, pale Ngorongoro inapopakana na Serengeti.

Hatua ya 1: Andika kalenda ya maji

Chukua daftari, si simu. Andika miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi jibu swali moja: maji yako wapi?

Tarangire jibu la kiangazi ni rahisi. Kuanzia Julai hadi Oktoba madimbwi ya porini yanakauka, na wanyama wa eneo zima wanarudi kwenye Mto Tarangire na kwenye kinamasi cha Silale. Mvua zikishika, nyumbu na pundamilia wanatoka, wengi wakielekea nyanda za Simanjiro, na tembo nao wanatawanyika. Mtu anayekwenda Tarangire mwezi wa nne halafu akalalamika kwamba hifadhi haina wanyama, hakutazama kalenda.

Ndutu ni kinyume chake. Kiangazi ni vumbi tupu na ziwa la magadi. Vuli ikinyesha Novemba na Desemba, nyasi fupi zinachipua, na makundi makubwa yanashuka kutoka kaskazini. Kuanzia mwisho wa Januari hadi mwanzoni mwa Machi nyumbu wanazalia pale. Udongo wa nyanda hizo umetokana na majivu ya volkano za ukanda wa Ngorongoro, Ol Doinyo Lengai ikiwemo, na nyasi zake zina madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Kwa hiyo kwenye kalenda yangu Tarangire ina alama ya Agosti hadi Oktoba, Ndutu ina alama ya Februari. Miezi mingine ni ya kujifunza.

Hatua ya 2: Vifaa, kwa ufupi

Lenzi ya milimita 100-400 inatosha kwa kazi zote zilizomo humu. Ukiwa na kamera ya pili, iwekee lenzi pana na uiache hivyo hivyo siku nzima. Kubadilisha lenzi paa la gari likiwa wazi mwezi wa tisa ni kualika vumbi likae kwenye kihisio, kile kioo cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Beba pampu ya mkono ya kupulizia vumbi, brashi laini, na kitenge cha kufunika kamera gari linapotembea. Kitenge kinashinda mifuko mingi ya bei mbaya niliyowahi kununua.

Mguu wa kamera uache nyumbani, ndani ya gari hauna nafasi. Utahitaji mfuko wa maharage wa kuegemeza lenzi dirishani au juu ya paa. Wangu ni mguu wa suruali ya jinzi, umeshonwa chini, umejazwa maharage kilo tatu, juu una zipu. Siku moja tukiwa kwenye eneo la kulia chakula niliuacha juu ya boneti nikaenda chooni. Niliporudi tumbili wawili walikuwa wameshafungua zipu, wa tatu akikusanya yaliyodondoka, na watalii wa gari la jirani wanapiga picha nzuri sana. Mfuko ufungie ndani ya gari.

Nguo: usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wa Tarangire wanavutwa na rangi hizo, na mbung'o anauma hata juu ya shati. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi hifadhini bila kibali maalumu, kwa hiyo usiibebe ukitegemea kwamba hakuna atakayeiona.

Hatua ya 3: Kiangazi, kaa mtoni usihame

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa tisa jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na huku kwetu karibu na ikweta linapanda wima, halikai pembeni likikusubiri. Una saa moja ya mwanga laini, labda na robo. Ikifika saa tatu, kivuli cha mnyama kimeingia chini ya tumbo lake na uso wa tembo umekuwa mweusi. Ukilala nje ya hifadhi, kuwa wa kwanza kwenye foleni. Ukilala ndani, gari liwe limewaka moto kukiwa bado kuna kiza, na jioni urudi kambini kabla ya muda unaotakiwa na sheria za hifadhi.

Chagua kona moja ya mto. Kona nzuri ina mambo matatu: mchanga ulio wazi, ukingo mfupi upande wako ili lenzi yako isiwe juu sana ya mnyama, na jua la asubuhi likitokea mgongoni au ubavuni mwako. Egesha, zima injini, subiri. Wastani wangu ni saa mbili na nusu bila kitu cha maana, halafu dakika kumi za kila kitu.

Utakachokuwa unasubiri ni tembo wanaochimba. Mto ukipungua, maji hubaki chini ya mchanga, na tembo wanajua kina. Mtazame jike mkubwa akifika. Anatembea taratibu juu ya mchanga, mkonga umening'inia karibu kugusa chini, unapuliza na kunusa. Anasimama. Anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, teke moja, mawili, kisha mkonga unaingia na kutupa mchanga pembeni. Shimo likifika usawa wa goti lake, anaacha. Haendelei kuchimba. Anasimama tu, kama mtu aliyeweka maji jikoni, mpaka shimo lijae lenyewe. Ya kwanza, yenye tope, anayavuta na kuyamwaga. Ya pili ndiyo anakunywa. Ndama wanasukumana kutaka kuingiza vichwa, na pembeni pundamilia na nyani wanangoja zamu, maana tembo akiondoka shimo linabaki.

Mpiga picha mgeni hupiga wakati wa kuchimba, mchanga unaporuka. Piga, lakini usiishie hapo. Picha iko kwenye ule muda wa kusimama. Tumia spidi ya shata 1/500, tundu la lenzi f/8 ili jike na ndama wote wawe kwenye fokasi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe isizidi 3200. Tembo wa Tarangire wanajipaka udongo mwekundu, na mara nyingi yangeyange mweupe yuko miguuni mwao. Kamera ikipima kwa tembo, ndege anaungua na kuwa doa jeupe. Punguza mwanga theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, kisha utamwinua tembo baadaye kwenye kompyuta. Manyoya yaliyoungua hayarudi.

Kuna sababu nyingine ya kumtazama jike kiongozi. Tembo wa Tarangire wamekuwa wakifuatiliwa na mtafiti Charles Foley na wenzake tangu 1993, mwaka uliokuwa wa ukame mkali. Walikuja kuonyesha kwamba familia zilizotoka hifadhini kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki, na zilizotoka ndizo zilizokuwa na majike wenye umri mkubwa zaidi. Kwa hiyo ukiona kundi limegawanyika mtoni, lenzi yako ielekee kwa bibi, usiielekeze kwa dume lenye meno marefu. Yeye akigeuka, wote watageuka, na wewe unakuwa umeshajiandaa.

Kuhusu usalama, sina utani. Tembo akitandaza masikio, akasimama na kukutazama, au akibembeza mguu mmoja wa mbele kama asiyejua afanye nini, umeshamkaribia mno. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kutoka kati ya jicho na sikio usimkaribie kabisa. Dereva awe na njia ya kuondokea wakati wote. Usiruhusu gari la pili likuzibe kwa nyuma.

Kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri weka lenzi ndefu chini. Hewa inachemka juu ya mchanga, na mazigazi yanafanya kila kitu kilicho mbali kitetemeke. Watu wanakimbilia kulaumu lenzi. Hakuna lenzi inayotibu mazigazi. Jambo hilo hilo hutokea asubuhi ukipiga juu ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa: joto la injini linaharibu picha ya mnyama aliye mita ishirini tu. Piga kupitia dirisha la pembeni.

Jioni geuza mpango. Badala ya kuweka jua mgongoni, lielekee. Makundi yanayoshuka mtoni yanainua vumbi, na vumbi likipigwa jua kwa nyuma linawaka. Shata 1/1000, punguza mwanga stopu moja hadi moja na nusu, na uache wanyama wawe vivuli vyenye ukingo wa dhahabu. Ukitaka kuonyesha mwendo, shusha shata hadi 1/30, mfuate pundamilia kwa lenzi huku anakimbia, bonyeza bila kusimama. Katika picha hamsini utapata mbili. Usikate tamaa kwenye ya arobaini.

Hatua ya 4: Mvua ya kwanza

Wiki ya mvua za kwanza za vuli haina tarehe, kwa hiyo huwezi kuinunua kwa tiketi. Mimi huwa naomba simu kutoka kwa mtu aliyeko kule. Anga linakuwa la bluu nzito upande wa mashariki huku jua la jioni bado linapiga mibuyu kutoka magharibi. Hapo sahau wanyama, piga mandhari kwa lenzi pana. Mibuyu iliyochubuliwa magome na tembo wakati wa kiangazi inaanza kuchipua majani. Maua yake meupe hufunguka giza linapoingia na kunyauka siku inayofuata, na popo ndio wageni wake wakubwa. Kama kambi yenu ina mbuyu, kaa chini yake na tochi ndogo. Usimulike popo machoni kwa flashi ya karibu.

Siku hizo hizo njia za Tarangire zenye udongo mweusi zinageuka gundi. Mzee alikuwa na kanuni: wingu likiwa mbele yako, geuza, likiwa nyuma yako, umeshachelewa.

Hatua ya 5: Ndutu, Februari

Nyumbu hubeba mimba miezi minane na kitu, na wengi wao wanazaa ndani ya wiki mbili au tatu. Fisi, simba na duma wanashiba, na ndama waliobaki wanakuwa wengi mno kumalizwa. Kwako wewe maana yake ni kwamba huna haja ya kumtafuta jike anayezaa. Una haja ya kujua yupi kati ya elfu moja anakaribia.

Dalili: anajitenga kidogo, analala, anasimama, anazunguka, analala tena. Mkia unakaa umeinuka. Ukiona kwato mbili nyeupe zimetokeza nyuma, simama pale pale ulipo, hata kama ni mbali. Usisogee. Jike akishtuka anaweza kukimbia hata akiwa katikati ya uchungu. Wengi huzaa kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo asubuhi nzima iwe ya kazi hii.

Mara ya kwanza nilipoiona yote, tulikuwa mita kama sitini. Ndama akadondoka akiwa ndani ya utando, mama akageuka kumlamba. Akainuka kwa miguu ya nyuma, akaanguka kifudifudi. Akajaribu upande, akaanguka. Mara ya tano akasimama, miguu imepanuka kama stuli mbovu, akatikisika, kisha akapiga hatua. Nilitazama saa: dakika saba. Halafu gari likaja kasi kutoka kwenye kilima, dereva ameambiwa kwenye redio kwamba kuna duma upande wa pili. Kundi lote likakurupuka. Mama akakimbia na wenzake, ndama akabaki kwenye vumbi, akageuka huku na huku, kisha akaanza kutukimbilia sisi. Ndama aliyepoteza mama hufuata chochote kikubwa kinachotembea. Alifika akasimama kando ya tairi la mbele.

Mzee hakuwasha gari. Alijua akiwasha, ndama angetufuata. Tulikaa kimya nusu saa nzima, mimi na kamera mapajani, mpaka majike yalipoanza kurudi yakiita, na ndama akaelekea kwenye sauti. Sikuona kama alimpata wake. Picha ya kwato kando ya tairi ninayo, sijawahi kuiuza.

Kwa hiyo kanuni zangu za Ndutu ni hizi, na anayepanda gari langu anazikubali kabla hatujaondoka Karatu. Hatukimbizi gari katikati ya makundi. Hatuzibi njia ya duma anayewinda, wala hatukai kati yake na swala tomi anayemlenga. Egesha pembeni, mbele kidogo ya anakoelekea, na muache aamue. Upande wa Ngorongoro kuna sehemu magari yanaruhusiwa kutoka barabarani, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hapana, na katikati hakuna uzio. Uliza askari siku hiyo hiyo, usitegemee ulichoambiwa mwaka jana.

Mipangilio: kwa mbio, shata 1/2000 au zaidi, fokasi ya kufuatilia, na picha mfululizo kwa vipindi vifupi. Kwa uzazi, 1/800 inatosha na f/7.1. Nyumbu ni weusi juu ya nyasi za kijani, kamera itataka kukuongezea mwanga kupita kiasi. Punguza theluthi moja ya stopu. Na kabla ya picha ya kwanza ya asubuhi rudisha ISO mahali pake. Kuna asubuhi moja nzima ya Februari niliipiga kwa ISO 12800 niliyoiacha kutoka kwenye nyota za usiku. Chenga zake unaweza kuzihesabu.

Usiwasahau korongo weupe. Wanatoka Ulaya, wanakaa nyanda hizi miezi ya mvua wakiokota panzi na viwavi, na kabla ya masika kuisha wengi wameshaondoka. Mamia yao wakipaa mbele ya dhoruba ni picha ambayo magari yote yanaipita yakikimbilia simba aliyelala.

Hatua ya 6: Masika

Aprili watu wengi hawaendi porini, na sehemu nyingine hazipitiki. Mimi huenda siku tatu tu, karibu na geti, kwa ajili ya ndege. Mnana dume wamevaa njano na wanasuka viota. Chagua tawi moja lenye kiota ambacho hakijaisha, weka fokasi kwenye mlango wake na subiri arudi na unyasi mdomoni. Kaa mbali kiasi kwamba anaendelea na kazi kana kwamba haupo. Wingu la masika ni zuri kwa rangi, linafanya mwanga uwe sawa siku nzima. Unyevu ndio adui: weka kamera usiku kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Hatua ya 7: Ukirudi nyumbani

Nakili kadi mara mbili, kwenye diski mbili, kabla hujaoga. Usifute kitu siku ya kwanza. Uchovu unafuta vitu vizuri. Picha za faru na za viota ziondolee taarifa za mahali kabla hazijatoka kwenye kompyuta yako.

Majina ya mafaili yangu yana vitu vitatu: tarehe, mahali, na hali ya maji. "Mto umekatika." "Mto unapita." "Mashimo." Baada ya miaka michache utaweza kutafuta neno "mashimo" na kuona kwenye safu moja wiki ambayo tembo walianza kuchimba kila mwaka, na hapo ndipo unapopanga safari ijayo.

Pia kila safari piga picha moja ya kona ile ile ya mto, lenzi ile ile, ukisimama pale pale, hata kama hakuna mnyama. Mimi nina folda ya namna hiyo. Ya mwisho niliipiga Novemba, asubuhi baada ya mvua ya kwanza. Haina mnyama hata mmoja. Kuna mchanga uliolowa, nyayo kubwa zikielekea Simanjiro, na mashimo ya tembo yamejaa maji mpaka juu, hayana wa kuyanywa.